Imewasilishwa, Lakini Haimo Kikashani

Tuseme kampuni ya utalii ya Arusha imetuma ofa ya msimu kwa wateja 8,000 waliojiandikisha kwa hiari yao. Ripoti ya mfumo wa kutuma inaonyesha asilimia 99 ya barua zimewasilishwa. Siku zinapita, hakuna anayeulizia bei, na wateja wakipigiwa simu wanasema hawajaona kitu. Hapo hakuna aliyedanganya. Ripoti inapima hatua moja tu ya safari ya barua pepe, nayo si hatua ya mwisho.

Safari hiyo inafuata itifaki ya SMTP, ambayo Jon Postel aliichapisha mwaka 1982. Seva inayotuma hubisha hodi kwa seva inayopokea, hujitambulisha, hutaja anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, kisha hukabidhi barua. Hujibiwa kwa namba. Inayoanza na 5 ni kukataliwa, pengine kwa kuwa anwani haipo. Inayoanza na 4 ni kuambiwa ijaribu tena baadaye. 250 ni kukubaliwa, na mfumo ukiipata hiyo huandika "imewasilishwa" na kufunga jalada. Ni sawa na tarishi aliyesainiwa kitabu chake mapokezi: bahasha imeingia ofisini, ila kama imefika mezani kwa mwenyewe, saini ile haisemi.

Uamuzi mzito hufanywa baada ya 250. Kichujio huipeleka barua kikashani, au kwenye kichupo cha Matangazo ambacho Gmail ilikianzisha mwaka 2013, au kwenye folda ya taka. Seva nyingine, hasa za makampuni, huitupa kabisa. Mtumaji haambiwi, na kimya hicho kina sababu. Watuma taka hughushi anwani za watu wengine. Kila barua iliyozuiwa ingerudishwa, mzigo wote ungemwangukia mtu asiyehusika ambaye jina lake limetumiwa. Isitoshe, kumweleza mtuma taka kilichomnasa ni kumfundisha namna ya kupenya mara ijayo. Wapokeaji wanalindwa, lakini mtumaji mwaminifu naye anabaki gizani.

Kichujio huanza na utambulisho. SPF ni rekodi kwenye DNS, daftari la umma la kikoa (jina linalofuata @ kwenye anwani), inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa niaba yake. DKIM ni saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye barua. DMARC huuliza swali gumu zaidi: je, kikoa kilichofaulu mojawapo ya vipimo hivyo ndicho kilekile anachokiona msomaji kwenye anwani ya mtumaji? Wengi wanakwama papo hapo. Mfumo wa kutuma unaweza kufaulu SPF na DKIM kwa kikoa chake wenyewe, huku kikoa cha kampuni yako hakijathibitishwa popote.

Hali ni mbaya zaidi kwa biashara ndogo inayoweka anwani ya gmail.com kama mtumaji kisha kuzituma barua kupitia mfumo wa watu wengine. Barua inadai imetoka Gmail, ilhali seva za Gmail hazikuituma. Lazima DMARC ifeli, na mwenye biashara hana rekodi ya kurekebisha, kwa sababu gmail.com si mali yake. Dawa ni kusajili kikoa chako, kiwe cha .co.tz au .co.ke, na kukithibitisha ndani ya mfumo unaoutumia.

Oktoba 2023 Google na Yahoo walitangaza masharti mapya, yakaanza kutekelezwa Februari 2024. Kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, atekeleze ombi la kujiondoa ndani ya siku mbili, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa masharti ya utambulisho. Kwa maoni yangu haya ni masharti ya haki, na yalichelewa.

Hata hivyo, utambulisho unaeleza wewe ni nani. Hausemi kama unatakiwa. Hilo kichujio hulisoma kwenye mienendo ya wapokeaji: wanaofuta bila kufungua, wanaobonyeza "taka", na anwani zilizokufa zamani ambazo bado zinatumiwa barua. Baadhi ya anwani hizo zimegeuzwa mitego na mashirika yanayopambana na taka, kama Spamhaus. Anayenunua orodha ya anwani ananunua na mitego iliyomo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hata vipimo vya kujikagua vinaweza kupotosha. Tangu Septemba 2021, Apple hupakua picha za barua kabla mtu hajaifungua akiwasha ulinzi wa faragha, na kwa kuwa kufunguliwa hupimwa kwa picha kupakuliwa, barua ambayo haijaguswa huhesabiwa kuwa imesomwa. Nacho kiwango cha malalamiko ambacho Google huwaonyesha watumaji kinahesabiwa kutokana na barua zilizofika kikashani. Zikiishia nyingi kwenye taka, walalamikaji wanapungua kwa sababu hawajaziona, na grafu inapendeza wakati hali ni mbaya kuliko zote. Meneja anayeangalia grafu hiyo peke yake atapongeza kampeni iliyokwisha kufa.

Kwa hiyo hesabu mibofyo na majibu, na uvigawe kwa mtoa huduma: Gmail peke yake, Outlook peke yake, Yahoo peke yake. Gmail ikiwa karibu na sifuri huku wengine wanabofya kama kawaida, tatizo liko kwenye kichujio cha Gmail na si kwenye bei ya ofa. Na kabla ya kampeni ijayo, jitumie barua hiyo kwenye akaunti yako ya Gmail, fungua chanzo chake, usome matokeo ya SPF, DKIM na DMARC. Kama DMARC imefeli, au kikoa kilichosaini si chako, usiitume kwa orodha nzima mpaka hilo lirekebishwe.