Watoto 655,615, hoja ya watoto 6,584

Utafiti wa afya unaotegemea rejista za taifa husifiwa kwanza kwa ukubwa wake. Msomaji akisikia kwamba watoto laki sita na ushei wamehesabiwa, huona shaka yote imekwisha. Utafiti wa Denmark kuhusu valproati, dawa ya kifafa, ambao Jakob Christensen na wenzake waliuchapisha mwaka 2013 katika jarida la JAMA, unafundisha jambo jingine: faida ya idadi kubwa ni kwamba unaweza kuiweka kando karibu yote, na bado ukabaki na watu wa kutosha kulinganisha kwa haki.

Kazi yenyewe iliwezekana kwa sababu tangu mwaka 1968 wakazi wa Denmark hupewa nambari ya utambulisho yenye tarakimu 10, sita za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Nambari hiyo huandikwa mtoto anapozaliwa, mama anapochukua dawa za cheti dukani, na hospitali inapothibitisha ugonjwa. Watafiti waliwachukua watoto waliozaliwa kati ya 1996 na 2006, wakaunganisha rejista ya uzazi na ile ya dawa, kisha wakaangalia katika rejista ya magonjwa ya akili ni nani aliyegunduliwa kuwa na usonji hadi mwisho wa 2010. Hapakuwa na dodoso, wala mama hakuombwa akumbuke alichomeza miaka minane iliyopita. Dawa iliingia katika kumbukumbu kabla mtu yeyote hajajua mtoto atakuwaje, kwa hiyo majuto ya mzazi hayakuwa na nafasi ya kuipotosha.

Watoto 508 walikuwa tumboni wakati mama zao wakitumia valproati. Hatari yao ya kupata usonji wa aina yoyote ilikuwa asilimia 4.42, ilhali kwa watoto wote ilikuwa 1.53; baada ya marekebisho ya kitakwimu, ni mara 2.9. Kichwa cha habari kingeishia hapo. Lakini hakuna anayemeza valproati bila sababu, na huenda kifafa chenyewe, au urithi unaoambatana nacho, ndicho kinachomgusa mtoto. Ukimlinganisha mtoto huyo na wa mama asiye na ugonjwa, unapima mambo mawili kwa pamoja na kulitwisha moja lawama yote. Ndiyo maana watafiti walirudia hesabu kwa watoto 6,584 tu wa mama wenye kifafa, takriban mmoja katika kila mia. Kati yao 432 walifikiwa na valproati, na hatari yao ilikuwa asilimia 4.15, kwa wasiofikiwa ilikuwa 2.44. Upande wa dawa haukusogea sana. Kilichopanda ni kundi la kulinganishia, na hatari ikashuka hadi mara 1.7. Sehemu ya tofauti ya kwanza, basi, haikuwa ya dawa.

Mpinzani atasema ushahidi umeyeyuka, maana makadirio ya hiyo 1.7 yalianzia 0.9 hadi 3.2, na 1 maana yake hakuna tofauti. Kwa kipimo hicho pekee, ana haki. Ila kwa usonji wa utotoni, ambao vigezo vyake ni vikali zaidi, tofauti ilibaki: asilimia 2.95 dhidi ya 1.02, yaani mara 2.9, na makadirio yake yalianzia 1.4, juu ya mstari wa shaka. Pingamizi jingine ni kwamba dawa iliyonunuliwa si lazima imemezwa. Ni kweli, lakini mama aliyeacha vidonge kabatini huhesabiwa kati ya watumiaji, na mtoto wake huwasogeza karibu na wasiotumia. Kosa la namna hiyo hufifisha tofauti, haliwezi kuizua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mama anayepewa valproati huenda ana kifafa cha aina nyingine au kikali zaidi. Hapo dawa hupaswa kushindanishwa na dawa. Utafiti wa nchi tano za Nordiki uliotoka mwaka 2022, wenye watoto wapatao milioni 4.5, ulifanya hivyo. Kwa watoto wa mama wenye kifafa, kufikia umri wa miaka minane usonji ulikuwa asilimia 1.5 kwa wasiofikiwa na dawa, 2.7 kwa valproati na 4.3 kwa topiramati, dawa nyingine ya kifafa. Lamotrijini na levetirasetamu, zilipotumiwa peke yake, hazikuonyesha ongezeko. Akina mama wote waliotumia dawa hizi walikuwa na ugonjwa uliohitaji tiba, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuutupia ugonjwa tofauti iliyopo baina ya dawa na dawa. Na hilo ndilo jibu linalofaa kliniki, kwa sababu kuacha tiba ghafla huweza kuleta degedege linaloweza kumdhuru mama na mimba. Uamuzi wa kweli ni dawa ipi, tena kabla ya mimba kuingia. Rejista iliyounganishwa kwa uangalifu inaweza kuusaidia, mradi tuulize kwanza nani amelinganishwa na nani, ndipo tuulize walikuwa wangapi.