Tazama Masikio: Namna ya Kuipima Modeli ya Kiungo cha Mabomba

Kuna modeli ya mnara wa tangi la maji inayosifiwa sana miongoni mwa vijana wanaochora kwa kompyuta. Mabomba yanang'aa, vivuli vimekaa vizuri, na kila kona mshono wa kuchomelea umechorwa pete kwa pete. Nililifungua faili lenyewe nikaupasua mnara katikati. Ncha za mabomba ya mshazari zimetoboa ukuta wa nguzo na kuishia ndani yake, na zile pete nzuri zimewekwa kufunika aibu. Juu ya mnara huo panatakiwa kukaa lita 5,000, yaani tani 5 za maji, na chini yake watapita watoto. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinajitembeza kwa rangi na vivuli, na wanaokisifu ni watu wanaopaswa kujua.

Basi kazi ya namna hii hupimwa hivi.

Anza na mifupa. Modeli ya fundi huanza na mistari ya katikati peke yake, ndipo mabomba yakavishwa juu yake. Zima mabomba, ibaki mistari mitupu. Isipokutana kwenye nukta moja, muulize mchoraji sababu. Mjuzi atakujibu papo hapo, kwa kuwa kuna wakati mistari husogezwa makusudi ili mabomba mawili ya mshazari yasigombee nafasi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1993-1-8 kinataka mabomba hayo yaachiane nafasi isiyopungua jumla ya unene wa kuta zao, au yapandane kwa asilimia 25 au zaidi. Kugusana nusunusu hakukubaliki. Mchoraji asiyejua hili hajui anachokichora.

Pili, angalia nani amekatwa. Programu za SolidWorks na Inventor zina zana ya kulikata bomba kwa uso wa jingine, lakini uamuzi wa nani ampishe nani ni wako. Bomba kuu lipite zima, tawi ndilo likatwe. Bomba nene halikatwi kulipisha jembamba.

Sasa masikio. Hapa ndipo asiyeijua kazi hupitwa kila mara, na hapa ndipo mimi hutazama kwa makini zaidi.

Chukua bomba la kipenyo cha nje 48.3 mm, ukuta 3 mm, ulisimamishe wima juu ya lenzake la kipenyo hicho hicho. Mdomo wa tawi unateremka ubavuni mwa bomba kuu, huku na huku, ukitoa masikio mawili. Ukifuata ukingo wa nje wa tawi, sikio linashuka 24.15 mm, hadi usawa wa katikati ya bomba kuu. Ukifuata ukingo wa ndani, linashuka 12.5 mm tu. Ukuta wenyewe ni wa 3 mm, lakini kati ya kingo zake mbili mdomo unatofautiana kwa karibu 11.7 mm!

Kompyuta haioni taabu hapo. Inalikata tawi kwa uso wa bomba kuu, kingo zote mbili zinakaa, na sikio linachongoka likawa kali kama wembe. Kwenye skrini linapendeza. Karakanani ni balaa. Ncha hiyo haina chuma cha kustahimili moto: ukiigusa kwa elektrodi inayeyuka na kuacha tundu. Tena, kama bomba linakatwa kwa tochi, au kwa leza ambayo mwali wake unaelekea katikati ya bomba wakati wote, uso ule haukatiki hata kidogo. Ukifuata kiolezo cha ukingo wa nje, ukingo wa ndani utagonga bomba kuu kabla tawi halijakaa. Tawi litabaki limeinuka, na uwazi utaonekana kwenye koo la mdomo, yaani pale mdomo ulipobonyea kati ya masikio mawili.

Ajuaye hukata kwa kuufuata ukingo wa ndani. Huo ndio unaogusa, na ubavuni kwa nje panabaki nafasi ya 3 mm, sawa na ukuta, ya kupokea mshono. Msumeno wa tundu wenye kipenyo cha bomba kuu huutoa uso ule wa kwenye skrini, na hata hapo masikio lazima yapunguzwe kwa tupa. Kwa hiyo modeli njema huonyesha masikio butu, na mchoraji wake anaweza kukwambia bomba litakatwa kwa chombo gani. Asipojua chombo, hajamaliza kuchora.

Msimpime mtu kwa tawi dogo. Bomba la 33.7 mm juu ya lile la 48.3 mm, kwa ukuta huo huo, tofauti ya kingo ni 2.5 mm hivi, na tupa inaweza kumwokoa. Mpeni mabomba mawili ya kipenyo kimoja, ndipo mtamjua.

Mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, alikuwa akichora mikunjo miwili kwenye karatasi moja: wa nje kwa penseli, wa ndani kwa wino. Karatasi ilikuwa na urefu wa mzunguko wa bomba, na aliigawa sehemu 16 kwa bikari. Aliizungusha bombani, akapitisha chaki kwenye mkunjo wa wino, akakata. Tawi lilikaa bila kugongwa nyundo. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na jiometri ile ambayo Mfaransa Gaspard Monge aliiwekea misingi katika karne ya 18, aliyofundishwa shule ya ufundi na akaishika. Zama zile aliyechora ndiye aliyechomelea, na kosa la penseli lilimrudia mwenyewe mkononi. Vijana wamepokea chombo bora kuliko bikari, lakini wengi hawakupokea adabu hiyo.

Matapeli nao wapo, na hila zao ni mbili. Ya kwanza ni kuyaunganisha mabomba yote yawe mwili mmoja, ili ukaguzi wa kuingiliana usione kitu. Ya pili ni kuchora mshono mnene juu ya uwazi. Karakanani hila hiyo ya pili ina ndugu yake: kipande cha nondo kinasokomezwa kwenye pengo, kinachomelewa juu juu, graenda inapita, kisha puti na rangi.

Kwenye tawi la mshazari, angalia upande wa pembe kali. Chini ya nyuzi 30 elektrodi haifiki shinani, na kiwango kile kile cha Ulaya kinaishia hapo hapo. Mshono uliochorwa sawasawa kuzunguka kiungo chote ni dalili kwamba mchoraji hajawahi kushika tochi.

Mwisho, soma orodha ya vipande. Kila bomba liandikiwe urefu wa ncha kwa ncha na wa koo kwa koo, na lichorwe mstari mmoja wa urefu unaoonyesha midomo miwili imegeukiana kwa nyuzi ngapi. Orodha yenye urefu mmoja tu haitoshi kukatia bomba.

Ndugu msomaji, ukiletewa modeli usisifu kabla hujaipasua katikati ya kiungo. Ukikuta bomba ndani ya bomba, au sikio kali ambalo mchoraji hawezi kulieleza, irudishe, na usilipe hata senti mpaka irekebishwe.