Aliyehitimu Gari Dogo

Wahenga wetu hawakumiliki magari, lakini walituachia neno linalomhusu kila mwenye gari: usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, mtu aliyefundisha methali miaka mingi anajua kwamba methali haziketi jamvi moja bila kugombana. Ukimpa kijana hiyo ya mbachao, atakujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na nyote wawili mtakuwa mmesema kweli. Ndiyo maana nimeona methali peke yake haitoshi katika jambo hili. Linahitaji uhakiki.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wangu, mhasibu mwenye mke na mtoto mmoja, anamiliki Suzuki Swift Sport, gari dogo la gia za mkono. Dalali wa yadi moja jijini amemwambia kwamba gari hilo litapokelewa kama sehemu ya malipo, aongeze fedha juu, aondoke na Subaru Impreza WRX STI. Fedha za kuongeza hana. Amejaza fomu ya mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, na mahali pa mdhamini ameacha nafasi wazi kwa ajili ya jina langu. Akishindwa kulipa, akiba yangu ya uzeeni ndiyo itakayolipa. Hivyo, ndugu msomaji, nimeyatazama magari haya mawili kwa makini kuliko nilivyowahi kuzitazama riwaya nyingi.

Vyuoni tuliwafundisha walimu wanafunzi kwamba mhakiki hutazama fani na maudhui: namna kitu kilivyoundwa, na kile kinachosemwa kwa uundaji huo. Sioni kwa nini kanuni hiyo isitumike kwa gari. Gari limebuniwa na mtu, mtu huyo alikuwa na nia, na nia hiyo humfikia dereva kupitia usukani.

Nianze na hilo dogo. Swift Sport ya kizazi kile, iliyotoka Japani mwaka 2005, ina injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,586, isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 125. Uzito wake ni kama kilo 1,060. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na gia ni tano. Nguvu zake zote hazipatikani mpaka injini izunguke karibu mara 6,800 kwa dakika. Yaani dereva asiyetaka kufanya kazi hapewi kitu. Akichelewa kubadili gia kabla ya mlima, gari linamwonyesha. Akiingia kwenye kona kwa pupa, sehemu ya mbele inasukuma kwenda nje, na akipunguza mafuta taratibu linarudi njiani.

Maudhui ya gari hilo, kwa maoni yangu, ni kipimo. Linamfundisha dereva kupanga mapema, kutunza mwendo alioupata kwa jasho, na kuijua barabara kabla hajaifikia. Na kwa kuwa nguvu zake ni za kadiri, dereva anaweza kuzitumia zote, mara kwa mara, bila kuvunja sheria wala kutisha watu. Hii ndiyo sifa kubwa ya gari dogo la michezo, nayo haiandikwi katika matangazo. Ni kama kitabu chembamba ambacho mwanafunzi anaweza kukisoma chote akakimaliza.

Sasa niigeukie Subaru. Nisingekuwa mhakiki mwaminifu kama ningeikejeli, maana ni kazi ya mafundi hodari. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,994, na silinda zake nne zimelala ubavuni, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikienda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili. Kwa kulala hivyo, uzito wa injini unakaa chini na gari linatulia barabarani. Moshi wa eksozi huzungusha turbo, nayo turbo hushindilia hewa ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Matokeo yake ni nguvu za farasi 280 kwa toleo la Kijapani la miaka ya mwanzo ya 2000, gia sita, breki za Brembo, na magurudumu yote manne yakisukuma. Uzito wake umezidi kilo 1,400. Katika Swift kila nguvu ya farasi mmoja hubeba kilo nane na nusu. Katika Subaru hubeba kama tano tu.

Nimepanda yote mawili. Katika Subaru, turbo kwanza hukaa kimya. Kisha, injini inapopita mizunguko kama elfu tatu, mgongo wa abiria hubanwa kwenye kiti, na dereva hutabasamu bila kujijua. Tabasamu lile silibezi. Lakini nilitazama pia mshale wa mwendo. Gia ya pili peke yake ilitupitisha kilomita 80 kwa saa, zikiwa zimebaki gia nne. Kutoka Segera kwenda Same na Mwanga, vijiji vyenye kibao cha 50 vinafuatana, na askari wenye tochi wanajua pa kusimama. Mtu mwenye gari lile katika barabara ile ni kama mtu aliyenunua msahafu mkubwa ili asome kurasa za mwanzo tu, kila siku zilezile.

Vijana hunijibu kwamba nguvu za akiba si hasara, kwani si lazima uzitumie. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama binadamu angekuwa na tabia ya kukiacha alichokilipia. Tena wanaongeza kwamba magurudumu manne yanayosukuma yanaleta usalama. Hapa lazima mwalimu aingilie. Magurudumu manne husaidia kuondoka, kupanda na kujinasua katika tope, hayasaidii kusimama. Kila gari, hata lile la kuvutwa na magurudumu mawili, lina breki katika magurudumu yote manne. Ndiyo maana mtu wa Subaru anaweza kudanganyika wakati wa mvua: gari limeondoka bila kuteleza hata kidogo, naye akadhani barabara haitelezi.

Fizikia nayo haina upendeleo. Nishati ya chombo kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayetoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120 ameongeza mwendo kwa nusu, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza imeongezeka mara mbili na robo. Na kwa mwendo uleule, Subaru hii ina kama theluthi moja ya nishati zaidi ya Swift kwa sababu ya uzito wake. Breki zake bora zinalipa deni hilo, ilimradi pedi na matairi viwe vya daraja lile vilivyoundwa kwalo. Mwenye gari akiishiwa fedha, vitu vya kwanza kununua kwa bei nafuu ni hivyohivyo viwili.

Hapo tunafika kwenye matunzo, nami naomba mhasibu anisikilize. Injini ya Swift huendesha vali zake kwa mnyororo wa chuma. Ile ya Subaru hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa baada ya kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni na vali hugongana na injini huharibika. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno na inategemea oili safi. Anayechelewesha kumwaga oili anaiua polepole. Aidha, injini ile ilipimwa kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani. Ikipewa petroli ya oktani ndogo, mchanganyiko huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuzigonga pistoni kama nyundo. Na kwa kuwa silinda zimelala, hata plagi ziko pembeni, mahali ambapo mkono wa fundi hufika kwa taabu, na taabu ya fundi hulipiwa. Mkopo unaoombwa ni wa kununulia gari. Wa kulitunza haumo katika fomu.

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba napinga mtu kupanda kutoka gari dogo kwenda kubwa. Sisi tuliokua miaka ya 1960 tulilelewa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yanatupa mfano ulio bora. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliingia katika Safari na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 658, kisichofikia hata lita moja. Kwa barabara zile, za mawe, vumbi na mito, watu wangeweza kudhani ni mzaha. Njiru alimaliza, akawa wa 12 kwa jumla. Mwaka uliofuata, 1994, alikwenda na Impreza, akamaliza wa nne. Huo ndio upandaji ninaouheshimu: alipewa kubwa baada ya kulifikisha dogo mwisho.

Msomaji makini atanipinga kwa mfano wa Colin McRae wa Uskoti. Naye aliendesha Vivio katika Safari ileile ya 1993, gari lake likaharibika njiani. Lakini alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, na mwaka 1997 akaishinda Safari yenyewe, yote kwa Impreza. Je, kanuni yangu imevunjika? La. McRae alikwisha kupitia madarasa yake kwao, akianza na magari madogo kama Vauxhall Nova, na kabla ya 1993 alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Uingereza mara mbili. Vivio haikuwa shule yake.

Tena Safari inatufundisha kwamba kupanda si lazima kuwe kwa upande mmoja. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, gari la milango minne. Mwaka 1971 akashinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye silinda sita, na Shekhar Mehta akalishindia tena gari hilo mwaka 1973. Mtu angedhani kampuni ile isingerudi nyuma. Lakini Mehta aliposhinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, alikuwa ndani ya Datsun Violet, ambalo huku nje tulilijua kama 160J, gari la umbo la kifamilia na silinda nne. Walioijua kazi yao hawakuuliza lipi linatisha zaidi. Waliuliza lipi linaifaa njia hii.

Basi nirudi kwa mpwa wangu. Hoja zake si za kupuuzwa. Swift haina buti la kutosha kwa mtu mwenye mtoto, na Desemba, watu wa Kilimanjaro wanapopanda kwenda nyumbani, mizigo yake hufunikwa turubai juu ya paa. Njia ya kwetu mlimani wakati wa masika ni utelezi mtupu, na hapo magurudumu manne yangemfaa kweli. Lakini buti na utelezi vinaweza kutibiwa na gari la magurudumu manne lenye nusu ya nguvu zile, tena lililoinuka juu zaidi ya mawe. Anapolikataa gari la namna hiyo, anakiri kwamba anachokitafuta ni ule mgongo kubanwa kwenye kiti. Ni haki yake kuutafuta. Ila auite kwa jina lake, asiupe jina la mtoto.

Je, amehitimu gari dogo? Nilimwuliza maswali matatu. Matairi yake ya mbele yameisha upande mmoja, naye hakujua sababu. Mwaka huu amelipa faini tatu za mwendo, zote katika vijiji vyenye kibao cha 50. Na fedha za matunzo ya Subaru kwa mwaka mmoja hakuwa amezikokotoa, yeye ambaye kazi yake ni kukokotoa.

"Mjomba, kwani mimi mtoto?" aliniuliza.

"La, baba," nilimjibu. "Mtoto ningemkatalia moja kwa moja. Wewe nakurudisha darasa."

Fomu nimemrudishia bila saini. Nimemtaka aendeshe Swift kwa mwaka mmoja bila faini, alitunze mpaka matairi yaishe sawasawa, na kila mwezi aweke kando kiasi kile ambacho angelipa kwa mkopo na matunzo. Mwaka ukiisha atakuwa na moja kati ya mawili: ama fedha za kutosha kuongezea Subaru bila kumhitaji mdhamini, ama ushahidi kwamba asingeweza kuilipia. Kwa vyovyote, Swift itakuwa imemwambia yaliyobaki, na atalikabidhi yadi gari alilolimaliza, si lile alilolichoka.