Kujitenga si Kurithi

Katika mazoezi ya tafsiri tuliyosahihisha muhula huu tumekutana tena na kosa lile lile: mwanafunzi anaandika kwamba Januari 2011 wananchi walipigia kura "urithi" wa Sudan Kusini. Asilimia 98.83 ya wapiga kura walitaka kumrithi nani? Chanzo ni maneno mawili ya Kiingereza, "secession" na "succession", ambayo tofauti yao kubwa masikioni ni sauti ya k, nayo humezwa mtu akisema haraka.

Wapo wenzetu wanaoliita kosa la tahajia. Hatukubaliani nao. Maneno yote mawili yametokana na kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kwenda. Kiambishi kimoja kinampeleka mtu kando, kingine kinamweka nyuma ya aliyetangulia. La kwanza ni kujitenga. La pili ni kurithi cheo, mali au wajibu, na pengine ni mfuatano tu.

Ugumu kwetu hapa Juba ni kwamba yote mawili yamo katika historia moja. Nchi ilijitenga na kupata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na papo hapo likazuka swali la nani arithi madeni ya dola ya zamani. Katika makubaliano ya Addis Ababa ya tarehe 27 Septemba 2012, Khartoum ilikubali kubaki na deni lote la nje, huku pande zote mbili zikiwaomba wakopeshaji msamaha. Mfasiri aliyechanganya maneno hayo hapo hatatoka salama.

Lawama yetu, hata hivyo, haiwaangukii wanafunzi. Sisi walimu twafundisha msamiati kwa orodha ya Kiingereza na Kiswahili, tukikiruka Kiarabu kilichomo vinywani mwao. Anayejua "infisal" hahitaji kuelezwa kujitenga. Na "urithi", "mrithi" na "khalifa" ni maneno ambayo Kiswahili chenyewe kilikopa kutoka Kiarabu.

Tena, neno sahihi likishapatikana kazi haijaisha. Kujitenga ni tendo la mwenyewe. Kutengwa ni kufanyiwa na mwingine. Kutengana ni la wawili. Karatasi ya kura ya 2011 ilikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana kwa umoja, na mkono mmoja kwa chaguo la pili. Muhula ujao tutawapa wanafunzi picha ya mkono ule, bila neno lolote la Kiingereza, waamue wenyewe ni kitenzi kipi kati ya hivyo vitatu, na watetee jibu lao.