Gava, Kanjo na Boda: Tuyafute au Tuyafafanue?

Baadhi yetu walimu wa Kiswahili, tukikutana na maneno kama gava, kanjo au boda katika insha, huyakata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: si sanifu. Uhakiki wa namna hii hautoshi, hasa kwa mwanafunzi wa Busia au Tororo, ambako maneno hayo yanahusu riziki ya kila siku.

Tuanze na boda. Inaelezwa kwamba bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu wa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya vituo vya pande mbili. Neno la Kiingereza la mpaka lilirudiwa, kisha likafupishwa. Leo mtu hupanda boda Mombasa bila kukumbuka mpaka wowote.

Gava limekatwa kutoka neno la Kiingereza la serikali, likaja kumaanisha polisi pia. Kanjo limetokana na neno la baraza, na humtaja askari wa baraza la mji. Mabaraza hayo yalikoma nchini Kenya mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi, lakini kanjo angali mtaani! Tazama pia sarufi yake: makanjo wamekuja, sawa na madaktari wamekuja. Neno limefuata kanuni zetu barabara.

Kasoro iko kwingine. Mchuuzi akiandikisha taarifa kwamba "gava walichukua mzigo wangu", ni nani hasa? Polisi, ofisa wa forodha au askari wa kaunti? Kila mmoja ana mamlaka yake kisheria, na malalamiko yakielekezwa pasipofaa huenda mzigo usirudi. Kwa msikilizaji wa Tororo asiyeijua Sheng, utata huzidi. Mchuuzi huyo huyo, akisimama mbele ya askari, husema afande, neno lenye asili ya Kituruki linaloeleweka pande zote mbili. Anajua kubadili rejesta. Hajafundishwa tu kuibadili kwenye maandishi.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Tumpe mwanafunzi tukio moja la mpakani alisimulie mara mbili: kwanza kwa rafiki yake kijiweni, kisha kwa hakimu. Katika simulizi ya kwanza gava abaki. Katika ya pili, atajwe kwa cheo na idara yake. Kalamu nyekundu itumike pale tu rejesta hizo mbili zinapochanganywa.