Mita Mia na Hamsini kwa Jicho

Kukadiria umbali kwa macho ni ufundi usio na cheti. Hakuna chuo cha VETA kinachoufundisha wala ofisi inayotoa leseni yake. Mafundi wenyewe utawakuta wamekaa kivulini nje ya klabu ya gofu, wakisubiri kuitwa wabebe begi la mtu. Hao ndio kedi. Mchezaji wa ridhaa wa Mbezi Beach, anayeamka Jumamosi gizani na kushika Barabara ya Bagamoyo ili awahi klabu ya gofu ya Lugalo kabla jua halijachachamaa, anaweza kuwa na fimbo zenye bei ya bodaboda mpya na viatu vya meno vilivyoletwa kutoka Dubai. Akishafika katikati ya kiwanja, mpira chini, bendera inapepea kule mbele, swali linabaki lile lile: pale ni mbali kiasi gani?

Siku hizi kuna soko zima la vifaa vya kulijibu swali hilo, na nina maoni yangu kuhusu kipi kinunuliwe. Nitayasema. Ila kwanza apewe sifa zake yule asiyehitaji betri.

Mwangalie kedi mzoefu akiwa kazini. Bendera haimshughulishi mwanzoni. Anaanza na ardhi iliyo karibu naye: alama ya umbali iliyochomekwa pembeni, au kisima cha maji ya kumwagilia ambacho alishakipigia hatua miaka iliyopita. Kutoka hapo hadi kwenye mpira anatembea kwa hatua zake za kazi, ambazo si zile anazotembelea akienda dukani. Akifika anajua ameongeza ngapi au amepunguza ngapi. Ndipo anainua macho. Kama kuna watu wanamalizia mbele, anawatazama: kofia inaonekana rangi? Mikono inatofautika na kiwiliwili? Anang'oa nyasi kidogo, anaziachia, anaangalia vilele vya miti, kwa sababu upepo wa juu na wa chini haulazimiki kukubaliana. Kisha anamtazama mchezaji mwenyewe, kama fundi cherehani anavyotazama mabega ya mteja kabla hajagusa futi kamba.

"Bosi, chukua fimbo namba sita."

"Si mia na arobaini ile? Mimi mia na arobaini napiga saba."

"Saba yako ya asubuhi, bosi. Saa hizi umechoka, na pale mbele kuna bonde limejificha. Macho yanakudanganya."

Hilo la bonde si ubishi wa kedi. Askari wa miguu hufundishwa jambo hilo hilo katika somo la kukadiria umbali: ardhi iliyozama kati yako na shabaha, usiyoiona, hufanya shabaha ionekane karibu. Jua likiwa mgongoni mwako, kitu kinasogea. Likiwa machoni, kinarudi nyuma. Ukitazama kupitia njia nyembamba iliyobanwa na miti pande zote mbili, mwisho wake unaonekana mbali kuliko ulivyo. Mvua ya masika ikishaosha vumbi na hewa ikatakata, kila kitu kinakuja karibu, na siku hiyo wachezaji wengi mipira yao inaishia njiani, nao hawajui sababu.

Inapendeza kwamba klabu ya Lugalo ni ya jeshi. Kambi ilipo klabu hiyo iliitwa Colito hadi baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, kisha ikapewa jina la Lugalo, mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliusambaratisha msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Wengi wa Wahehe hao walikuwa na mikuki. Mkuki hauna kazi mita mia mbili, na walilijua hilo vizuri. Walilala vichakani hadi msafara ukawa karibu mno, bunduki zikakosa nafasi ya kuwa bunduki, na mambo yakaisha katika muda mfupi sana. Sidhani kama mtu anawaza vita ya Lugalo akiwa kwenye shimo la kwanza na kahawa mkononi. Mimi huwaza. Kwangu ule ndio ustadi wa umbali katika kiwango chake cha juu kabisa: kujua silaha yako inafika wapi, na kutojidanganya hata kwa hatua moja.

Msingi wa ufundi huu ni bure na uko mtaani. Nenda kiwanja chochote cha mpira chenye vipimo vya kweli. Kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa eneo la penalti ni mita 16.5, hadi nukta ya penalti ni mita 11, kati ya nguzo na nguzo ni mita 7.32. Tembea pale kama unavyotembea kwenye kiwanja cha gofu, hesabu, rudia ukiwa umechoka, rudia ukiwa umebeba begi. Utagundua hatua yako ina urefu gani kwa kweli. Wanaume wengi hudhani hatua yao ni mita moja kamili, na kiwanja hakiwaungi mkono. Halafu tazama uwanja mzima kutoka goli hadi goli, ambao kwa sheria ni kati ya mita 90 na 120, uuweke kichwani. Askari hupima hivyo hivyo: kutoka hapa hadi pale viwanja vya mpira vingeingia vingapi?

Kwa muda mrefu hata mabingwa wa dunia walitegemea macho. Mwaka 1961, katika mashindano ya ridhaa ya Marekani kule Pebble Beach, Jack Nicklaus alishauriwa na mwenzake Deane Beman apime uwanja kwa hatua na kuandika umbali kwenye karatasi. Alitwaa ubingwa ule, na akaendelea na tabia hiyo katika maisha yake yote ya mchezo. Vile vitabu vidogo vya umbali vinavyochungulia kwenye mifuko ya nyuma ya wachezaji wa kulipwa vilienea baada ya hapo. Zamani kulikuwa pia na darubini ndogo zenye mistari ndani: unaipanga bendera kati ya mistari, unasoma umbali. Zilitegemea fimbo ya bendera iwe na urefu uliokubalika, yaani kama futi 7. Klabu ikiweka fimbo fupi kwa sababu ile ndefu imevunjika na fedha ya nyingine haijapatikana, darubini inakudanganya kwa uso mkavu kabisa.

Sheria nazo zilijivuta. Vifaa vya kielektroniki vilikuwa haramu, isipokuwa pale kamati ilipoamua kuviruhusu. Tangu Januari 2019 mambo yamegeuka: vinaruhusiwa, isipokuwa pale kamati inapovikataza. Hata mashindano makubwa ya kulipwa ya PGA yalivikubali mwaka 2021, kule Kiawah Island, ambako Phil Mickelson alishinda akiwa na miaka 50. Kilichobaki na katazo ni kifaa kukupigia hesabu ya mlima na mteremko, au kukupimia upepo. Ukitumia hesabu ya mteremko kwenye mashindano unaongezewa mikwaju miwili, na ukirudia unaondolewa. Ndiyo maana ukinunua chenye uwezo huo, hakikisha kina swichi ya nje ya kuuzima ambayo mwenzako anaweza kuiona. Itawaepusha na maneno mkishafika klabuni.

Sasa dukani. Utakuta makundi mawili makubwa: vinavyopima kwa leza, na vinavyotegemea setilaiti, iwe saa ya mkononi, kidude cha mfukoni au programu ya simu.

Leza inarusha mwanga usioonekana, unagonga kitu, unarudi, kifaa kinahesabu muda uliotumika. Kwa bendera iliyo mita 150, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Usahihi wake unaweza kuwa ndani ya mita moja, na kusema kweli huo ni usahihi wa anasa kwa mtu ambaye mpira wake unaweza kuangukia popote ndani ya mita ishirini. Lakini leza ina mambo yake, hasa kwenye pwani yetu. Ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi na kutoa kifaa moja kwa moja kwenye joto na unyevu wa Dar, kioo kinapata ukungu, na mashimo mawili ya mwanzo unacheza kwa kubahatisha. Kiweke kwenye begi nyuma ya gari, mbali na ubaridi. Hewa ya chumvi nayo hula vishikizo vya betri, kwa hiyo vifute. Vingi vinatumia betri ya CR2, ambayo huipati dukani kwa Mangi. Chenye kuchajiwa kwa waya wa simu kitakupunguzia safari za Kariakoo. Kubwa kuliko yote ni mikono. Mikono ikitetemeka, mwanga unaikosa bendera na kugonga miti iliyo nyuma yake, unaambiwa 171 wakati ni 146. Mwenye jicho lililozoea anacheka na kupima tena. Asiye na jicho anachukua fimbo ndefu na kuutuma mpira vichakani.

Vya setilaiti havihitaji mikono mitulivu. Vinakuonyesha umbali hadi mbele ya grini, yaani lile eneo la nyasi fupi lenye bendera, katikati yake na nyuma yake. Kwa anayeanza, habari hizo tatu zina faida kuliko umbali wa bendera yenyewe, kwa sababu grini yenye kina cha mita thelathini ni tofauti ya fimbo tatu, na bendera huhamishwa. Vinaweza kukosea kwa mita chache, nalo halina madhara. Shida iko kwenye ramani. Kabla hujatoa fedha, hakikisha kiwanja unachochezea kimo ndani, tena kikiwa na mashimo yote kama yalivyo sasa. Saa nzuri ya Garmin isiyojua kiwanja chako ni saa nzuri tu. Ukitegemea simu, kumbuka bando, na kumbuka kwamba skrini chini ya jua la saa tano haisomeki.

Mimi kwa mtu wa ridhaa nachagua leza ya kawaida, isiyo na mbwembwe, na sababu yangu haihusu usahihi. Setilaiti inakupa jibu kabla hujauliza. Leza inakusubiri. Unaweza kusema moyoni "mia na thelathini na tano", ukanyanyua kifaa, ukajua umekosea kwa kiasi gani na upande gani. Ukifanya hivyo mzunguko mzima, kwenye miti, kwenye mashimo ya mchanga, kwenye migongo ya walio mbele, jicho linaanza kunyooka. Unaweza hata kufanyia mazoezi nyumbani: kutoka kibarazani hadi kwenye mnazi wa kona, hadi kijiwe cha bodaboda, hadi geti la jirani. Kwa jirani pima haraka, asije akadhani unamchungulia.

Hata hivyo hakuna kifaa kinachojua unapiga umbali gani. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, maana kila mmoja anakumbuka ile namba saba iliyotoka vizuri siku ile, upepo ukiwa mgongoni na ardhi kavu, na kuifanya kipimo chake cha kudumu. Chukua mipira kadhaa asubuhi isiyo na upepo, piga kwa kila fimbo, tupa ile miwili iliyokwenda mbali kuliko yote, pima pale iliyobaki imelala. Na usihamishe hesabu hizo mkoa. Dar tuko usawa wa bahari, hewa nzito. Arusha iko juu kwa takriban mita 1,400, hewa nyepesi, na mpira unaotua mita 150 huku unaweza kukaribia 160 kule. Upepo nao una majira. Kusi na kaskazi havivumi upande mmoja, na shimo lililokuwa rahisi Januari linaweza kukugeukia Julai. Upepo wa usoni hunyang'anya zaidi ya kile ambacho wa mgongoni hutoa. Haya yote kedi anayabeba pamoja na begi lako.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupenda ni huu: kadiria wewe, muulize kedi, kisha pima. Ukianza na kifaa, kedi mwenye adabu hatabishana na namba yako. Atanyamaza, akupe fimbo uliyoitaka, na utakuwa umemlipa mtu mwenye maarifa ili akubebee mzigo tu. Jambo moja mlimalize kabla hamjaanza: kifaa kinasoma yadi au mita? Vingi vinatoka kiwandani vikiwa kwenye yadi. Yadi 150 ni mita 137, tofauti inayozidi fimbo moja, na kedi akisema "mia na hamsini" yeye anajua anamaanisha nini. Muulize, kisha geuza mpangilio wa kifaa ufuate wa kwake.