Mcheza Kwao Hutunzwa: Uhakiki wa Michezo ya Watunzi wa Programu

Wahakiki wetu wamezoea kuipima kazi ya sanaa baada ya jamii kukubali kwamba kweli ni sanaa. Shairi likitungwa, tunalo la kusema; ngoma ikichezwa, tunaitazama miondoko yake; kinyago kikichongwa, tunauliza mchongaji alikusudia nini. Lakini iko kazi moja inayotungwa na vijana wetu usiku na mchana, nayo hatujaipa hata kigoda barazani petu. Kazi hiyo ni ya watunzi wa programu za kompyuta. Hapa tunazikusudia hasa zile programu ambazo mtunzi hakutumwa na mwajiri wala hakulipwa na mtu, bali alizitunga kwa kucheza, kwa kujaribu, na kwa kuitafakari dunia ya intaneti. Katika insha hii tutaziweka kazi hizo kwenye mizani ile ile tunayopimia fasihi, yaani maudhui, fani, lugha na hadhira.

Sababu ya kuandika haya tunaikiri wazi. Lembeni, katika Wilaya ya Mwanga, ni mahali ambapo barabara kuu na reli itokayo Tanga hupita chini ya Milima ya Upare ya Kaskazini. Miaka kadhaa iliyopita alitujia pale kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Kwenye kompyuta ya duka moja la kutolea nakala alikuwa ametunga mchezo wa vitendawili: kompyuta hutega, mchezaji hutegua, na akishindwa huombwa mji. Alitaka tumsaidie kuufikisha mchezo wake shuleni. Sisi tulikuwa na majalada mezani, na haraka ya kiofisi ilitukaa kichwani. Tulimwambia aache mchezo, akatafute kazi. Alishukuru kwa adabu, akaenda zake. Baadaye tulisikia kwamba yuko Nairobi, anatunga programu za Kiingereza kwa ajili ya watu wa mbali. Kosa lile lilikuwa letu, wala hatumsingizii mtu mwingine.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huisemea ngoma: mchezaji akicheza mbele ya watu wake hupata tuzo, kwa sababu wao huijua hatua yake na huielewa lugha yake. Ndani ya methali hiyo limo sharti ambalo hatulitaji mara nyingi. Ili mcheza kwao atunzwe, hao wa kwao hawana budi kuwapo uwanjani, na hawana budi kujua kutazama.

Tuanze basi na kujifunza kutazama. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona programu kwa ndani, tuchukue mfano wa ndiva. Ndiva ni lile bwawa dogo ambalo Wapare wamelijenga milimani tangu zamani. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku. Asubuhi mlango hufunguliwa, nayo huteremka kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Anayesimamia zamu hujiuliza: Je, ndiva imejaa? Ikiwa imejaa, fungua. Ikiwa haijajaa, ngoja. Je, shamba la kwanza limekwisha kunywa? Ikiwa limekwisha, geuza mfereji uelekee shamba la pili. Programu ni maagizo ya namna hiyo, yaliyopangwa hatua kwa hatua, pasipo hatua moja kukosekana, ili mashine iyafuate. Kwa hiyo fikra iliyomo ndani ya programu si ngeni kwetu. Watu waliopanga zamu za ndiva, na mafundi wa ukoo wa Washana waliofua chuma Upare ya Kaskazini, walijua kwamba ufundi ni sehemu ya utamaduni kama ulivyo wimbo.

Na mchezo je? Mtoto wa kijijini akitengeneza gari la waya, akalipa usukani unaokata kona, hakuna aliyempa kazi ile. Hata hivyo amejifunza mhimili, gurudumu na uwiano. Mchezaji wa bao, mbele ya mashimo 32 na kete 64, huona mizunguko kadhaa kabla hajainua kete ya kwanza; hiyo ni hesabu iliyovaa nguo za mapumziko. Hata huko ng'ambo mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo ambalo ndani yake ulizaliwa mtandao wa kurasa tunaoujua leo, ingawa kazi kuu ya kituo kile ilikuwa fizikia. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kujitungia mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha. Mfumo huo uliitwa Linux, na sasa unaendesha mashine nyingi mno duniani.

Hatusemi kwamba kila mchezo ni shule. Kijana anayekesha akibahatisha kamari katika simu yake anacheza mchezo uliotungwa na mtu mwingine ili umle yeye. Tunayemsifu ni yule anayetengeneza gari la waya, wala si yule anayelikodolea macho dirishani mwa duka.

Sasa tuitazame kazi ya mtunzi mmoja wa Afrika Mashariki. David Kobia ni Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, mtunzi wa kurasa za intaneti. Aliunda uwanja wa mazungumzo ulioitwa Mashada, ambamo Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walikutana wakipiga soga, wakibishana na kukumbukana. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulipofuatwa na machafuko yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, uwanja ule ulijaa matusi na chuki za kikabila. Kobia aliufunga. Badala yake alifungua ukurasa mwingine ambao jina lake, kwa Kiswahili, lingekuwa ‘Sina Kabila’, watu wapate mahali pa kusema kwamba wao ni Wakenya kwanza. Katika Januari hiyo hiyo ya 2008, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wito wa kuwa na ramani ya kuonyesha yanayotokea. Kobia na wenzake, wakiwamo Erik Hersman na Juliana Rotich, wakatunga kwa siku chache programu iliyoitwa Ushahidi. Mwananchi aliweza kutuma taarifa ya jambo alilolishuhudia, nayo ikawekwa kwenye ramani. Mwaka 2010, tetemeko la ardhi lilipoiangamiza sehemu kubwa ya mji mkuu wa Haiti, programu hiyo ilitumika huko pia.

Kwa upande wa maudhui, kazi hii ni nzito. Mtunzi aliona kwamba uwanja alioujenga kwa furaha umegeuka kuwa mahali pa kunolea mapanga, akakubali kuubomoa kwa mkono wake mwenyewe. Watunzi wangapi wa mashairi wanaweza kulichana shairi lao likianza kudhuru watu? Kwa upande wa fani, Ushahidi ilikuwa sahili na ilifaa mazingira yake, kwa maana ilitegemea ujumbe mfupi na ramani, vitu viwili ambavyo hata mwenye simu ndogo aliweza kuvichangia.

Lakini tunapofika kwenye lugha, mizani yetu inainama. Mashada ni neno la Kiswahili, na Ushahidi ni neno la Kiswahili. Ila mwenye kufungua kurasa zile za mwanzo alikuta zimeandikwa kwa Kiingereza. Jina lilikuwa kama kanga iliyotandikwa juu ya sanduku la mgeni. Jambo linalotusikitisha zaidi ni ule ukurasa wa ‘Sina Kabila’. Iko lugha moja Afrika Mashariki ambayo mtu anaweza kulisema neno hilo ndani yake, na lugha yenyewe ikawa ushahidi wa kwanza wa kauli yake, kwa kuwa si mali ya kabila lake wala ya jirani yake. Lugha hiyo ilikuwapo, na mtunzi aliijua vya kutosha kuichagulia majina mazuri, lakini hakuialika ndani. Hatumlaumu yeye peke yake. Alicheza ugenini, mbele ya watazamaji aliowapata. Swali ni hili: sisi wa nyumbani tulikuwa wapi?

Haki inatutaka tuseme kwamba hatukulala wote. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioazima jina lake kutoka kwa ule mchezo wa mwanafunzi wa Helsinki, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo amri zake zilikuwa za Kiswahili. Kilikuwa kitendo cha heshima kubwa. Kilithibitisha kwamba lugha yetu haishindwi na mashine, na kwamba upungufu wa istilahi huondolewa kwa kazi wala si kwa malalamiko. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema kwamba Jambo ilikuwa tafsiri. Tuliingia katika nyumba iliyojengwa na wengine tukabandika majina yetu milangoni. Mpango wa vyumba ulibaki wao. Tena, katika ofisi tulizopitia sisi hatukuwahi kuikuta mezani. Neno lililotafsiriwa lisipotumika hukauka kama mche usiopata zamu ya maji.

Mwaka huo huo wa 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa Marekani, alianza kuandika tafakuri zake kwa Kiswahili katika ukurasa aliouita Jikomboe. Alikuwa pia miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Hapa jina na moyo vilipatana: aliyeitwa kwa Kiswahili alikaribishwa kwa Kiswahili, akaagwa kwa Kiswahili. Wapo walioambukizwa ujasiri na kazi hiyo, wakaanza kuandika kurasa zao. Lakini tuangalie tena: yeye naye alicheza akiwa mbali.

Tukizipanga kazi hizi tatu, tunaona ngazi. Ushahidi ilituletea jina. Jambo ilituletea amri. Jikomboe ilituletea fikra. Daraja la nne ni mchezo wenyewe kuzaliwa katika lugha yetu na katika desturi yetu, na hapo ndipo tunapomkumbuka tena yule kijana wa Lembeni. Vitendawili vyetu ni programu iliyokuwa tayari kabla ya kompyuta kufika. Mmoja husema, ‘Kitendawili!’ Wengine hujibu, ‘Tega!’ Anatega, anangoja. Jibu likiwa sahihi, zamu huhama. Likiwa si sahihi, anadai mji, anapewa, ndipo anafumbua. Kuna mwanzo, kuna sharti, kuna njia mbili, kuna marudio na kuna mwisho. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiandika hatua hizo daftarini kwa Kiswahili, amejifunza msingi wa utunzi wa programu kabla hajaigusa mashine. Akiombwa mji akatoa Lembeni, Same au Usangi, mashine nayo imejifunza jiografia ya kwao. Kijana yule alikuwa ameyaona haya pasipo kufundishwa na mtu. Alitubishia hodi, nasi tulimwitikia kwa lugha ya majalada.

Kiingereza ndicho kinachofundishia katika shule zetu za sekondari, na hata maneno ambayo mashine huagizwa kwayo mengi ni ya Kiingereza. Tunalijua hilo, na hatuwaombi walimu wavunje mtaala. Tunachoomba kinawezekana kesho asubuhi. Shule iwe na chama cha watunzi wa programu kama ilivyo na chama cha Kiswahili, na vyama hivyo viwili vikutane. Mchezo utakaotungwa uonyeshwe mbele ya shule nzima, uhakikiwe kwa maudhui, fani, lugha na hadhira, kama tulivyojaribu kufanya hapa. Asiulizwe mtunzi kwanza atapata fedha kiasi gani. Aulizwe kwanza, ‘Umetaka kusema nini, na umemwambia nani?’

Serikali nayo imeonyesha njia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imewaambia waandishi wa Kiswahili kwamba taifa linawaona. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, yamewaambia wabunifu neno hilo hilo. Baina ya viwanja hivyo viwili kuna kijia ambacho bado ni chembamba: mahali pa yule ambaye ni mwandishi na ni mbunifu kwa pamoja, anayetunga kwa Kiswahili kitu kinachotembea. Kijia hicho kikipanuliwa, hatutakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini programu zetu zina majina ya nyumbani na sauti za ugenini.

Sisi tulikosea mara moja, na tumelipia kosa hilo kwa kuona haya kila tupitapo kwenye duka lile la nakala. Mwalimu unayesoma haya, huenda wiki hii akakujia mwanafunzi na kitu chake cha ajabu, kisicho na cheti wala soko. Kabla hujamwambia aache mchezo, keti, utazame. Nasi tunaifunga insha hii kwa ubeti mmoja tuliomtungia kijana yule, ingawa umechelewa:

Mchezo si upuuzi, mchezo ndilo darasa,
Hapo huota mizizi, ya ufundi wa kisasa,
Fundi apewe malezi, kwa lugha yetu hususa,
Mcheza kwao hutunzwa, asipotunzwa huhama.